Mkanda wa Shanga na Hati ya Karatasi: Bonde la Mohawk kabla ya Mapinduzi ya Marekani

Septemba 1733, mjini Albany katika koloni la New York, viongozi wa Wamohawk, taifa mojawapo la wenyeji wa Marekani Kaskazini, walimkabili gavana William Cosby wakiwa na dai moja. Hapo nyuma walikuwa wametia alama zao kwenye hati iliyohusu mashamba yao ya Tiononderoge, yale ya udongo wenye rutuba kandokando ya mto. Walivyoelezwa wao ni kwamba mji wa Albany ungeishika ardhi hiyo kama amana, ili mlanguzi yeyote akija kuinunua agonge mwamba. Hati yenyewe ilisema vingine: mji umeshapewa ardhi. Cosby akaagiza karatasi iletwe, akawakabidhi, nao wakaitupa motoni.

Kwa kawaida karatasi za namna hiyo haziungui. Zilinakiliwa kwenye daftari la koloni, zikakaa kimya miaka 20, 40, hata 60, kisha siku moja warithi wa walioziandika wakatokea na mpimaji. Ndiyo maana moto ule wa Albany ni mlango mzuri wa kuingilia mjadala ambao bado haujaisha. Je, kabla ya Mapinduzi yaliyoanza 1775, wenyeji wa Marekani Kaskazini na walowezi wa Kizungu waliishi pamoja kwa namna ambayo ingeweza kudumu? Au ujirani ule ulikuwa subira ya mwenye nguvu anayengoja wakati wake?

Wako wanahistoria wanaosema ujirani ulikuwa wa kweli. Watu waliuziana, walioleana, walibatizana, walijifunza lugha, na vita vya Mapinduzi ndivyo vilivyoukata uhusiano huo. Wengine wanajibu kwamba hapakuwa na cha kukata: ardhi ilikuwa ikienda mwaka hadi mwaka, na maneno ya udugu yalikuwa mafuta ya kulainisha unyang'anyi. Ninavyoona mimi, pande zote mbili zina ushahidi wa kweli mkononi, ila zinasoma ahadi za aina mbili tofauti. Ujirani uliendeshwa kwa ahadi za kuhuishwa, ambazo usipozirudia mara kwa mara zinakufa. Ardhi iliendeshwa kwa ahadi za kufunga, ambazo husainiwa mara moja na kuendelea kufanya kazi hata waliosaini wakishazikwa.

Majirani hasa

Mto Mohawk unatiririka kwenda mashariki hadi kuingia Hudson, juu kidogo ya Albany. Katika miaka ya 1760 Wamohawk wa bonde hilo walikuwa na miji mikubwa miwili. Tiononderoge ilikuwa penye mlango wa kijito cha Schoharie, jirani na ngome ya Fort Hunter, na Canajoharie ilikuwa mbele zaidi, upande wa magharibi. Kati ya miji hiyo walikaa Waholanzi, Wajerumani, Waairishi na Waskoti, pamoja na Waafrika waliofanywa watumwa, ambao masimulizi mengi ya ujirani huu huwapita kimya.

Wamohawk ni taifa moja katika shirikisho la Haudenosaunee, Watu wa Nyumba Ndefu, ambalo Waingereza waliliita Mataifa Sita: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca, na Watuscarora waliojiunga mwanzoni mwa miaka ya 1720. Nyumba ndefu ya asili ilikuwa ya fito zilizopindwa na kuezekwa kwa magome mapana ya miti, mioto ikiwa katikati kwa mstari, na kila moto ukihudumia familia mbili zinazotazamana. Waliokaa humo waliunganishwa na ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye. Mabibi wa koo ndio waliomteua chifu, na ndio waliomvua akipotoka. Mashamba yalikuwa mikononi mwa wanawake, na jambo hilo litatusaidia tutakapofika kwenye hati.

Kilimo chao mkulima wa Kiswahili atakitambua mara moja. Hawakulima kwa plau. Walifanya vichuguu vya udongo, kimoja hadi kingine kama hatua moja, na katika kila kichuguu wakatia mbegu kadhaa za mahindi. Mahindi yakishachomoza yakapanda kidogo, maharage hutiwa kwenye kichuguu kilekile ili yapate mti wa kupandia, na maboga hutambaa katikati. Maharage hurudisha rutuba, majani ya maboga hufunika udongo usikauke na kuyanyima magugu mwanga. Baada ya miaka 10 hadi 20 udongo hupungua nguvu na kuni za karibu huisha, na mji mzima huhama kwenda mahali pengine ndani ya nchi yao. Lile la zamani likawa mahame, likapumzika, likarudi msitu.

Mlowezi alipopita penye mahame aliona ardhi isiyo na mwenyewe. Mwenyeji aliona shamba la bibi yake lililolala. Kutoelewana huku kuliibeba nusu ya migogoro ya karne nzima.

Hata hivyo, ifikapo miaka ya 1760 tofauti za maisha ya kila siku zilikuwa zimepungua kuliko tunavyodhani. Familia nyingi za Wamohawk zilikuwa zimeacha nyumba ndefu na kujenga nyumba ndogo za magogo au mbao. Walifuga farasi, ng'ombe na nguruwe, walikuwa na mikokoteni, vyombo vya bati na sufuria za shaba. Walowezi nao walikula mahindi ya wenyeji, walichemsha utomvu wa miti iitwayo maple ili kupata sukari kama walivyofundishwa, na walivaa viatu vya ngozi laini vya kienyeji wanapoingia msituni. Wengi wa Wamohawk walikuwa Wakristo wa Kianglikana, na sala na sehemu za Biblia zilisomwa kwa Kimohawk.

Kisa cha Wajerumani wa Palatinate ndicho kinachotajwa sana na wanaotetea ujirani, na kinastahili. Walifika New York mwaka 1710 wakiwa maelfu, wakapelekwa kandokando ya Hudson kuchemsha lami ya miti ya misonobari kwa ajili ya meli za kivita za Uingereza. Mradi ukafa ndani ya miaka miwili. Majira ya baridi ya 1712 hadi 1713 baadhi yao walikimbilia bonde la Schoharie wakiwa na njaa, na Wamohawk wakawapokea na kuwaonyesha cha kula. Kijana mmoja wa miaka 16, Conrad Weiser, alipelekwa na babake akaishi miezi kadhaa kwa Wamohawk ajifunze lugha. Akaja kuwa mkalimani mkuu wa koloni la Pennsylvania, mtu ambaye bila yeye mikutano mingi ya miaka ya 1730 na 1740 isingefanyika.

Mara nyingi kisa hukomewa hapo. Lakini Wajerumani wale walipokwisha kufyeka na kupanda, waliambiwa kuwa ardhi ya Schoharie ilikwisha kutolewa kwa matajiri wa Albany kwa hati ya gavana. Wamohawk waliowakaribisha hawakuwa na kauli mbele ya hati hiyo, na Wajerumani hawakuwa na kauli pia. Wengi wao, Weiser baadaye akiwemo, walihamia Pennsylvania. Karatasi ileile iliwapiga mwenyeji na mlowezi maskini kwa pamoja.

Ahadi ya kuhuishwa

Uhusiano kati ya Haudenosaunee na New York uliitwa Mnyororo wa Agano. Simulizi yake ilisema kwamba hapo mwanzo meli iliyofika ilifungwa kwa kamba, kamba ikabadilishwa kuwa chuma, chuma ikawa fedha, kwa sababu fedha haishiki kutu. Lakini fedha hufubaa, kwa hiyo lazima isuguliwe. Kusugua mnyororo maana yake ni kukutana, kulia pamoja, kupeana zawadi na kurudia maneno.

Utaratibu wenyewe ulikuwa na hatua, na gavana aliyeruka hatua alijikuta anaongea na watu walionyamaza. Wageni hawakuingia mjini moja kwa moja, bali walisimama ukingoni mwa msitu, wakawasha moto, wakangoja kupokewa. Kisha yakaja matanga. Katika kila kundi kuna aliyefiwa tangu mkutano uliopita, na mtu mwenye msiba haoni, hasikii wala hasemi sawasawa. Hivyo mwenyeji huyafuta machozi ya mgeni, huyazibua masikio yake, huisafisha koo yake, kila tendo kwa maneno yake na uzi wake wa shanga. Mambo ya nchi hayaguswi kabla matanga hayajaanuliwa. Hotuba ikishatolewa, jibu halitolewi siku hiyohiyo. Wanaojibu huenda kushauriana, na wakirudi hurudia kwanza kila hoja waliyoambiwa, moja baada ya nyingine, ndipo wanajibu.

Kila hoja ilikuja na mkanda wa shanga. Hizi si zile shanga za kioo za Venice ambazo wapagazi wa misafara walizibeba hadi bara letu, ingawa za Venice zilifika huko pia kwa ajili ya mapambo. Shanga za baraza zilitengenezwa kwa makombe ya baharini: nyeupe kutoka ndani ya kome mrefu wa pwani ya Atlantiki, za zambarau kutoka kwenye doa jeusi la kombe lingine gumu sana. Kila ushanga ni mrija mwembamba wa urefu wa milimita sita hivi, uliotobolewa kwa keekee kutoka ncha zote mbili hadi matundu yakutane katikati. Kombe la zambarau likitobolewa kwa haraka hupasuka, ndiyo maana rangi hiyo ilikuwa na thamani zaidi. Mkanda mmoja wa baraza ulibeba mamia ya shanga, mara nyingine maelfu. Aliyeupokea amelikubali neno liwe mbele yake. Aliyeurudisha amelikataa, na hakuna haja ya kueleza zaidi.

Ubora wa mfumo huu ni kwamba haukumruhusu mtu kujificha nyuma ya maneno ya zamani. Mkanda hauongei wenyewe, ni lazima awepo aliyefundishwa maneno yake, na awepo wa upande wa pili anayekubali kwamba ndivyo yalivyokuwa. Ahadi ilibaki hai kadiri wote wawili walivyozidi kuketi pamoja, na udhaifu wake ni huohuo. Upande mmoja ukiona hauhitaji tena kuketi, hakuna mahakama ya kuulazimisha.

Upande mmoja ulipokuwa na haja, mfumo ulifanya kazi. Juni 1753 Hendrick Theyanoguin, kiongozi wa Canajoharie, alikwenda New York akamwambia gavana George Clinton waziwazi kwamba Mnyororo wa Agano umekatika, na sababu kubwa ni ardhi. Wafaransa walikuwa Canada, vita vilikuwa vinanukia, na London ilishtuka. Mwaka uliofuata makoloni kadhaa yaliitwa Albany kwa mkutano ambao mojawapo ya kazi zake kuu ilikuwa kuuunganisha mnyororo. Neno la Mmohawk mmoja liliwainua magavana vitini. Lakini liliwainua kwa sababu kulikuwa na Mfaransa.

Hendrick aliuawa Septemba 1755 katika vita vya Lake George, akipigana upande wa Waingereza. Miaka mitano baadaye Montreal ilisalimu amri, na Mfaransa akatoweka kwenye hesabu. Jenerali Jeffery Amherst akaona zawadi za baraza ni hongo isiyo na faida, akazikata, na akabana pia uuzaji wa baruti. Kwa mtu anayewinda kwa gobori ili familia ile na ngozi zilipie deni, kunyimwa baruti ni kunyimwa majira yote ya baridi. Mwaka 1763 vita vya Pontiac, vya wenyeji dhidi ya Waingereza, vikalipuka magharibi na ngome nane za Waingereza zikaanguka. Desemba mwaka huohuo, huko Pennsylvania, genge la walowezi lililoitwa Paxton Boys liliwaua Waconestoga 20, wenyeji wa amani walioishi chini ya ulinzi wa koloni. Sita waliuawa kijijini mwao, 14 baadaye katika jengo la Lancaster walimohifadhiwa. Katika mali yao iliyobaki kulikuwa na mikanda ya shanga na mkataba wao wa 1701 na William Penn. Walikuwa wameshika vyote viwili, mkanda na karatasi.

Jinsi ardhi ilivyotoka mkononi

Kwa nadharia, sheria ya New York haikuwa mbaya. Anayetaka ardhi hupeleka ombi kwa gavana na baraza lake, na hupewa leseni ya kununua kwa wenyeji. Hununua, hupata hati yenye alama zao: kasa, mbwamwitu, dubu, wanyama wa koo zao, zilizochorwa kwa kalamu. Mpimaji mkuu wa koloni hupima. Ndipo hati miliki ya mfalme hutolewa, na mmiliki hulipa kodi ya shilingi mbili na nusu kwa kila ekari 100 kwa mwaka. Kuwepo kwa hatua ya ununuzi kunaonyesha kwamba serikali yenyewe ilikiri ardhi ni ya wenyeji. Wanaotetea mfumo wa kabla ya Mapinduzi husimama hapa, nao wana hoja, maana mahali pengi duniani mkoloni hakujisumbua hata kuuliza.

Uharibifu ulipita kwenye viungio. Mtu mmoja aliruhusiwa kiasi chenye kikomo, kwa hiyo mlanguzi aliandikisha majina ya marafiki na makarani wake, kila mmoja akapata fungu, kisha wakamrudishia yeye. Mipaka iliandikwa kwa majina ya vijito na vilima ambavyo muuzaji na mnunuzi waliviita tofauti, au kwa maneno ya kulegea kama "hadi msituni", na msitu hauna mwisho. Alama zilichukuliwa kwa vijana wawili watatu waliokutwa mbali na baraza, mara nyingi wakiwa wamenyweshwa pombe ya rumu, wakati wenye kauli juu ya mashamba ni wanawake, na wao hawakuulizwa. Mlowezi George Klock wa Canajoharie alilalamikiwa kwa miaka mingi kwa mchezo wa rumu na saini. Wamohawk walipeleka malalamiko baraza baada ya baraza, na hakung'oka.

Kisha kuna mnyororo wa pili, ule wa mpimaji: futi 66, pingili 100, minyororo 80 kwa maili. Unavutwa na watu wawili nyuma ya dira, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kila mti wa pembeni unachanjwa kwa shoka. Kwa mwenyeji, kuona miti imechanjwa ndiyo ilikuwa taarifa ya kwanza kwamba kuna hati mahali fulani. Wanaharakati wa haki za ardhi wa leo wanaijua hofu hiyo, ya kukuta vigingi kabla hujaona barua.

Mfano mkubwa ni hati ya Kayaderosseras, kaskazini mwa mto. Ilitolewa mwaka 1708 ikafunika mamia ya maelfu ya ekari, eneo la uwindaji la Wamohawk. Wao walisema waliuza kipande kidogo tu. Wenye hati hawakuingia kwa miongo, na uwindaji ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mpaka hapo, mtu angeapa kwamba watu hawa wanaishi kwa amani, na asingekosea. Vita na Wafaransa vilipokwisha na bei ya ardhi ikapanda, warithi wakaja na wapimaji. Mgogoro ulimalizwa 1768 kwa malipo ya dola 5,000. Miaka 60 ya ujirani haikufuta neno hata moja kwenye ile karatasi.

Deni lilikuwa njia nyingine, hasa kusini. Mfanyabiashara alitoa baruti, blanketi na nguo kwa mkopo majira ya kupukutika majani, mwindaji akalipa kwa ngozi za kulungu majira ya kuchipua. Mwaka ukiwa mbaya, deni linalala na kukua. Mwaka 1773, huko Augusta katika koloni la Georgia, mataifa ya wenyeji ya Wacreek na Wacherokee yalitoa zaidi ya ekari milioni mbili ili madeni yao kwa wafanyabiashara yafutwe.

Mfalme, Johnson na mstari wa 1768

Sasa hoja nzito ya upande wa kwanza. Oktoba 1763 mfalme George wa Tatu alitoa Tangazo lililopiga marufuku watu binafsi kununua ardhi ya wenyeji na kuzuia makazi mapya magharibi mwa vilele vya milima ya Appalachia. Mtekelezaji mkuu wa upande wa kaskazini alikuwa William Johnson, Mwairishi aliyefika bondeni 1738, akajifunza Kimohawk, akapewa jina la Warraghiyagey, na akaishi na Molly Brant wa Canajoharie, aliyemzalia watoto wanane waliokua. Molly alikuwa na uzito wake mwenyewe kwa watu wake, na bila nyumba yake Johnson angebaki mfanyabiashara kama wengine. Watu wakija kulalamika walilala Johnson Hall, nyumba yake, wakala, wakasikilizwa.

Johnson aliwatetea Wamohawk dhidi ya Kayaderosseras na dhidi ya Klock. Johnson huyohuyo alipata kwao zaidi ya ekari 60,000, zilizothibitishwa na mfalme 1769. Si sahihi kumfanya mtakatifu, wala si sahihi kusema alikuwa mwizi aliyevaa nguo za rafiki. Alikuwa mlezi na mlaji wa kitu kilekile, na Wamohawk walilijua hilo, wakalikubali kwa kuwa bila yeye wangebaki na walaji watupu.

Vuli ya 1768, huko Fort Stanwix, watu wapatao 3,000 walikusanyika kwa baraza kubwa, na mkataba ukatiwa alama 5 Novemba. Haudenosaunee walipokea zaidi ya pauni 10,000 za fedha na bidhaa. Walichotoa ni nchi kubwa kusini mwa mto Ohio, hadi mlango wa mto Tennessee. Hiyo ilikuwa nchi ya uwindaji ya Washawnee, Wacherokee na wengineo. Haudenosaunee walidai uwezo juu yake kwa haki ya ushindi wa zamani, na hesabu yao ilikuwa wazi: wimbi la walowezi lielekezwe kusini, lisije kwetu.

Anayetaka kuwaona wenyeji kama watu wasio na akili ya siasa atashindwa mbele ya mkataba huu. Na anayetaka kuwaona kama kitu kimoja dhidi ya Wazungu atashindwa pia. Washawnee hawakuutambua. Walowezi wakamiminika, na 1774 vita vikapiganwa kwa ajili ya ardhi hiyo, hadi mapambano ya Point Pleasant mwezi Oktoba. Halafu kuna jambo ambalo ramani inaonyesha na hotuba hazisemi: mstari wa 1768 uliwaacha Wamohawk wenyewe upande wa mashariki, ndani ya eneo la walowezi. Waliuza cha wengine ili kujikinga, na kinga yenyewe haikuwafunika.

Kwa mlowezi mdogo mfalme yuleyule alikuwa kizuizi, na Tamko la Uhuru la 1776 linamlaumu kwa kufanya upatikanaji wa ardhi mpya kuwa mgumu. Lakini tusidhani kila mlowezi alisimama upande huo. Mashariki mwa Hudson, Wawappinger, wenyeji wa huko, wakiongozwa na Daniel Nimham walidai kwamba ukoo wa Philipse umekalia ardhi yao bila kuinunua. Wawappinger waliwapangisha wakulima maskini wa Kizungu kwa mikataba ya muda mrefu, na wakulima hao wakawa mashahidi na washirika wao. Mwaka 1765 Nimham alishindwa mbele ya gavana na baraza lake, ambamo waliketi watu wenye maslahi ya ardhi. Mwaka 1766 akavuka bahari hadi London, wapangaji wakiwa wameinuka kwa uasi nyuma yake. London iliagiza kesi isikilizwe upya. Ikasikilizwa New York, akashindwa tena. Kwangu mimi kesi hii ina uzito kuliko maneno yote ya udugu, kwa kuwa inaonyesha muungano wa wenyeji na walowezi uliokuwa tayari kusimama, ukavunjwa na wenye daftari.

Hesabu ya watu nayo ilikuwa imeshaamua mengi. Orodha ya Johnson ya 1763 iliwataja wanaume 160 wa Mohawk, 250 wa Oneida na 1,050 wa Seneca. Sensa ya New York ya 1771 ilihesabu watu 168,007. Johnson akafa 11 Julai 1774, jioni ya siku aliyohutubia baraza kwake nyumbani juani. Miezi tisa baadaye risasi zikalia Lexington, na vita vya Mapinduzi vikaanza.

Kama Mapinduzi yasingekuja, ningetarajia bonde la Mohawk liendelee kama lilivyokuwa kwa kizazi kimoja au viwili: sala za pamoja, mahindi ya pamoja, na vigingi vinavyosogea. Kasi ingekuwa ndogo, na kwa watu 160 wenye familia kasi ndogo ina maana kubwa, kwa sababu mtu huzaliwa, huoa na huzikwa ndani yake. Wanaosema "ingekwisha tu" hulipuuza hilo. Wanaosema "ingedumu" hupuuza kabati la hati za Albany.

Mwaka 1779, wakati jeshi la Marekani likiteketeza miji ya Haudenosaunee huko magharibi, kanali Peter Gansevoort alitumwa Tiononderoge kuwakamata Wamohawk wachache waliosalia nyumbani kwao. Alikuta nyumba nne. Aliandika kwamba watu wale waliishi vizuri kuliko wakulima wengi wa bonde: nyumba zimejaa vyombo, nafaka tele, farasi, ng'ombe, mikokoteni. Walowezi wa jirani waliochomewa makazi yao vitani walimwomba asizichome, awape wao. Akawapa.